Nani Ataingia Zamu ya Pili?

Muuguzi mmoja ameomba mbwa, akanyimwa. Hakutaka mbwa wa kulinda geti wala wa kuwinda. Alitaka mbwa mdogo wa kukaa naye nyumbani Leicester, katikati ya Uingereza, siku ambazo hayuko wodini. Dukani hakwenda. Alikiandikia kikundi cha watu wa kujitolea wanaookoa mbwa wa mbegu moja tu, ile iitwayo Cavalier King Charles Spaniel: masikio marefu yenye manyoya laini, macho makubwa, uzito wa kilo saba au nane. Akajaza fomu ya kurasa sita. Mtu akaja kuikagua nyumba. Baada ya wiki mbili likaja jibu la mistari miwili: samahani, safari hii haikuwezekana.

Mjadala ufuatao umepangwa juu ya jibu hilo. Wazungumzaji wanne ni wa kubuni, lakini hoja zao ni za watu walio hai. MPWA ndiye muuguzi mwenyewe. MJOMBA ni kaka wa mama yake, Mchaga wa Moshi, mstaafu aliyeishi Uingereza miaka mingi. SHANGAZI ni dada wa baba yake, Mswahili wa Mombasa, amekuja kutembea miezi mitatu. MLEZI ni jirani, mwanamke wa Kitanzania anayewatunza nyumbani kwake mbwa waliookolewa mpaka wapate wenyewe. Hoja iliyo mezani ni hii: je, kikundi cha kuokoa mbwa kina haki ya kumnyima mbwa mtu mwema?

MJOMBA: Nianze mimi, maana nimekasirika kuliko mwenye jambo. Huyu mtoto anashika zamu ya masaa 12 katika wodi ya wagonjwa mahututi. Anapima dawa ambazo ukizidisha kidogo tu mtu anakufa. Waingereza wamemkabidhi baba zao na mama zao walale, yeye akeshe. Halafu wanatokea Waingereza wengine wanamwambia hawezi kukabidhiwa mbwa wa kilo saba. Wamemwamini na wagonjwa wao, hawakumwamini na mbwa wao. Hapo mnieleze mpaka nielewe.

MPWA: Mimi, Mjomba, kunyimwa peke yake ningekuvumilia. Kilichoniuma ni kukaguliwa kwanza. Yule mama alikuja nikamtengea chai. Akautazama ukuta wa bustani, akalitikisa geti aone kama linafunga. Akaniuliza kama nyumba ni yangu au nimepanga, natoka saa ngapi, narudi saa ngapi, nani mwingine ana ufunguo. Nilijibu yote kwa ukweli. Nilijiona kama ninaomba kibali cha kuishi nchi hii kwa mara ya pili.

SHANGAZI: Mimi nasema Mungu kakuepusha na jambo, mwanangu. Lakini sababu zangu zina zamu yake, nitazitoa. Kwanza nataka kumsikia jirani, kwa kuwa yeye anawajua watu hao.

MLEZI: Shikamoo Shangazi, shikamoo Mjomba. Mimi si msemaji wa kikundi kile. Mimi nalea mbwa wa kikundi kingine. Nitasema ninalolijua. Mjomba ameuliza kwa nini aaminiwe na mgonjwa asiaminiwe na mbwa. Dada, ukimaliza masaa yako 12 wodini, nani anabaki na mgonjwa?

MPWA: Mwenzangu. Namkabidhi ripoti, anaingia yeye.

MLEZI: Basi tofauti ndiyo hiyo. Mgonjwa wako ana zamu ya pili, na ya tatu, na daktari anayeitwa usiku. Mbwa huyu angekuwa na wewe tu. Unatoka saa kumi na mbili asubuhi, unarudi saa mbili na nusu usiku. Mashirika makubwa hapa, RSPCA na Dogs Trust, yanashauri mbwa mzima asiachwe peke yake zaidi ya masaa manne. Wewe ungemwacha zaidi ya 14. Yule mama hakuona ubaya wowote kwako. Aliona saa.

MJOMBA: Watu wangapi wenye mbwa mtaa huu wanakwenda kazini asubuhi hadi jioni? Mbona hawanyang'anywi?

MLEZI: Wapo, na mbwa wengine wanavumilia. Ila tunaowazungumzia hapa hawakulelewa nyumbani. Niliye naye sasa ana miaka sita. Alikuwa mbwa wa kuzalisha katika shamba la mbwa: kizimba, mimba, watoto, kizimba tena. Nilipomweka kwenye nyasi alisimama ameinua mguu mmoja, kama aliyekanyaga kaa la moto, kwa sababu miguu yake ilizoea saruji. Ngazi hakuzijua. Mlango wa kioo aliugonga kwa uso. Mashine ya kufulia ikianza kuzunguka, anajibanza nyuma ya kochi anatetemeka. Daktari wa mifugo amemng'oa meno 11 yaliyooza. Hawa mbwa wadogo meno yao yamebanana mdomoni, yasiposafishwa huoza mapema. Amepewa chanjo, amewekwa chipu chini ya ngozi, amefungwa kizazi. Mwili unatibika kwa mwezi mmoja. Hofu ndiyo haina dawa ya kuchoma.

SHANGAZI: Na hiyo hofu inatoka baada ya muda gani?

MLEZI: Watu wa kazi hii wana hesabu ya tatu tatu. Siku tatu za kwanza mbwa hali vizuri, halali vizuri, anatafuta pa kujificha. Wiki tatu anaanza kuijua ratiba: sasa chakula, sasa nje, sasa kulala. Miezi mitatu ndipo anaiona nyumba kuwa kwao. Kila mbwa ana mwendo wake, lakini anayewahi sana huwa ni yule aliyepata mtu wa kushinda naye.

SHANGAZI: Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wenu siku ya tatu ndiyo kwanza anafungua macho.

MJOMBA: Vema. Kama wao wana masharti, sokoni hakuna masharti. Fungua simu, utaona matangazo ya watoto wa mbwa hao hao. Unalipa, unachukua, hakuna mtu wa kuja kulitikisa geti lako. Pesa anazo, amezifanyia kazi.

MLEZI: Mjomba, ndipo hadithi ya Lucy inapoingia. Lucy alikuwa Cavalier, mbegu hii hii. Aliokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la mbwa huko Wales. Kwa kubanwa kizimbani miaka yote ile nyonga zake zilishikana na mgongo ulipinda. Alipata mtu wa kumchukua, akaishi miaka mitatu ya kupendwa, akafa mwaka 2016. Watu waliomjua hawakunyamaza. Walipiga kampeni mpaka sheria ikabadilishwa: tangu tarehe 6 Aprili 2020, Uingereza imepiga marufuku wachuuzi wa kati kuuza mbwa walio chini ya miezi sita. Anayetaka mbwa mdogo kwa umri lazima amchukue kwa mfugaji aliyemzalisha, amwone akiwa na mama yake pale alipozaliwa, au aende kwenye kituo cha uokozi. Sheria hiyo wananchi wanaiita kwa jina la mbwa huyo. Wales na Scotland zikafuata mwaka 2021.

MPWA: Nilisoma habari zake. Ndizo zilizonifanya nisiende kwenye matangazo.

MLEZI: Ulifanya la haki. Maana wachuuzi hawakuisha, wamejificha tu. Atakwambia mama wa watoto yuko kwa daktari, tukutane kwenye maegesho ya barabara kuu nikuletee. Wewe unapokea mtoto mzuri anayenukia sabuni. Mama yake, kama huyu wangu, amebaki kizimbani anasubiri mimba nyingine. Kile kipande cha maswali unachokiruka sokoni, Mjomba, analipia yeye.

SHANGAZI: Rahisi huvunja upishi.

MJOMBA: Sawa, nimeacha soko. Lakini sijaacha swali langu kubwa. Kwa nini kikundi cha mbegu moja? Mbwa wanaotupwa ni wa kila rangi. Watu wanakaa wanasema sisi tunaokoa Cavalier tu, wengine wanasema sisi tunaokoa wenye miguu mifupi tu. Nchi zetu tumeumia kwa mambo ya huyu wa kwetu, yule si wa kwetu. Huu si ukabila wa mbwa?

MLEZI: Nami niliuliza hivyo hivyo nilipoanza. Jibu nililipata kwa daktari. Kila mbegu ina maradhi yake, na anayeijua mbegu huyaona mapema. Chukua Cavalier. Mfalme Charles wa Pili, aliyetawala Uingereza kuanzia 1660 hadi 1685, alipenda vijibwa vya masikio marefu, na jina limebaki. Karne zilizofuata wafugaji waliwafupisha pua mpaka uso ukawa bapa. Mwaka 1926 Mmarekani aliyeitwa Roswell Eldridge akaahidi zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, kwa atakayeleta mbwa wa pua ndefu kama wa kwenye michoro ya zamani. Watu wakashindana. Mwaka 1945 mbegu mpya ikatambuliwa rasmi. Zawadi ilikuwa ya sura. Moyo na fuvu havikutajwa kwenye tangazo.

MPWA: Vali ya moyo.

MLEZI: Vali ya moyo. Inakadiriwa kwamba nusu yao moyo huanza kutoa sauti ya kuvuja wanapofika miaka mitano, na wakifika kumi karibu wote. Tena wengi wana fuvu dogo kuliko ubongo, maji ya uti wa mgongo yanazibwa njia, mashimo yanajitengeneza ndani ya uti. Ugonjwa huo huitwa siringomielia. Mbwa anajikuna shingo hewani bila kuigusa, analia akiinuliwa, na asiyejua anadhani ana viroboto. Mwaka 2008 BBC ilionyesha filamu juu ya mateso haya, na baada yake ikaacha kurusha maonyesho ya Crufts. Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Norwei iliamua kwamba kuwazalisha Cavalier kwa namna iliyokuwa ikifanyika kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama. Sasa mbwa wa mbegu hiyo akifika kituo cha jumla chenye mbwa mia mbili, anayemkagua ana dakika chache. Akifika kwa watu walioishi na Cavalier maisha yao yote, wanamwona anavyojikuna tu wanajua. Ndiyo maana ya kikundi cha mbegu moja.

MJOMBA: Kama mbegu yenyewe ni ya kuumwa, kwa nini iendelee kuokolewa?

MLEZI: Kuzalisha wengine ni jambo moja. Aliyekwisha kuzaliwa ni jambo jingine, yeye hakuchagua. Ndiyo maana kila anayetoka kwetu anatoka amefungwa kizazi. Na ndiyo maana fomu inauliza habari ya fedha. Wakati wa kumchukua unatoa mchango wa pauni mia kadhaa, na mara nyingi haufiki nusu ya bili ya daktari tuliyokwisha kuilipa. Mzigo unakuja baadaye. Kampuni za bima hazilipii ugonjwa ambao mbwa alikuwa nao kabla ya kukatiwa bima. Dawa za moyo ni za kila siku hadi mwisho. Mtu asipoambiwa haya mapema, mbwa atarudi mlangoni kwetu mgonjwa, amepoteza nyumba ya tatu.

MJOMBA: Hapo ndipo roho yangu inapokataa. Fedha za dawa ya moyo wa mbwa! Kijijini kwetu yupo mzee anayekosa dawa ya presha. Mnajua Waingereza walianzisha lini chama cha kuwakinga wanyama na ukatili? Mwaka 1824. Chama cha kuwakinga watoto wa London na ukatili kikaanzishwa 1884. Miaka 60 nyuma ya punda na mbwa! Nchi inayompa farasi mtetezi miaka 60 kabla ya kumpa mtoto haiwezi kunifundisha huruma.

MLEZI: Tarehe zako ni sahihi, na aibu hiyo ni yao. Ila tazama nani walikaa kwenye mkahawa wa London mwaka 1824, chama hicho cha wanyama kilipoanzishwa. Mmoja alikuwa William Wilberforce, mwingine Thomas Fowell Buxton. Ndio hao hao waliosimama bungeni mwaka baada ya mwaka kupinga biashara ya watumwa na utumwa wenyewe, hadi sheria ya kuukomesha katika makoloni ikapita 1833. Huruma yao kwa mnyama haikupunguza ile ya mtu. Mjomba, mimi ninatuma pesa nyumbani kila mwezi, sijakosa hata mmoja. Mzee wako wa presha hakukosa dawa kwa sababu yangu na mbwa wangu.

MJOMBA: Hilo nimelipokea. Sikubaliani nalo lote, lakini nimelipokea.

SHANGAZI: Sasa nipeni zamu yangu. Mimi sikuzaliwa nawachukia mbwa. Nimekua nawaogopa, na hofu yangu ina sababu. Kwetu mbwa koko akiingia mtaani anatokwa na mate, mama anawavuta watoto ndani na kufunga mlango. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, mtu haponi. Daktari anajua, muuguzi anajua.

MPWA: Ni kweli, Shangazi. Duniani kote kinaua watu wanaokadiriwa kuwa 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Kenya imejiwekea lengo la kukimaliza ifikapo 2030, kwa kuwachanja mbwa asilimia 70 mfululizo. Huku Uingereza kiliondoka kwa mbwa tangu 1922.

SHANGAZI: Basi hofu yangu niiache Mombasa. Dini siwezi kuiacha uwanja wa ndege. Sisi ni Mashafii. Mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kuwinda, wa mifugo, wa shamba, hao wameruhusiwa. Wa kukaa naye kwenye kochi, wanazuoni wetu wamelizungumza kwa ukali. Sikulazimishi, wewe una akili zako, na najua Imamu Malik anasema mbwa aliye hai ni tohara. Ninakuuliza jambo dogo: nikija kwako, nisali wapi?

MPWA: Shangazi, swali hilo fomu haikuniuliza, na lingepaswa kuwa la kwanza. Niliwaza kukufungia chumba cha juu, mlango wake usifunguliwe kwa mbwa kabisa, na mswala ukae humo humo. Sikukwambia kwa sababu niliogopa utadhani nimemchagua mbwa nikakuacha wewe.

SHANGAZI: Ungeniambia ningekusikiliza. Dini iliyoniambia nioshe chombo mara saba ndiyo iliyonisimulia mtu aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa aliyekuwa akila udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Ndiyo iliyomtaja mbwa wa watu wa pangoni katika Kurani. Kumlaza mbwa kitandani na kumwacha afe kwa kiu ni mambo mawili mbalimbali, na baina yao pana nafasi pana ya kusimama. Lakini niwaambieni nililoliona tangu mwanzo wa mazungumzo haya.

MJOMBA: Lipi hilo?

SHANGAZI: Mnalalamikia fomu na ukaguzi kama vitu vya ajabu. Mimi nasikia posa. Kwetu mtu akija kuposa hatumwulizi tu kama anampenda binti. Kupenda kila mtu anasema anapenda. Tunatuma mtu mtaani kwao akaulize: anakaa na nani, kazi yake ipi, akikasirika huwaje, akisafiri anamwacha mke na nani. Akichukia kwa kuulizwa, jibu tumeshalipata. Binti ana mdomo wake, na bado tunamwulizia. Huyu mbwa hana mdomo. Nani atamwulizia?

MLEZI: Shangazi, hukuona hata mkataba wetu. Una kifungu kinachosema kwamba mbwa akishindikana, haruhusiwi kuuzwa wala kupewa mtu. Anarudi kwenye kikundi, iwe baada ya wiki moja au miaka kumi.

SHANGAZI: Ndivyo hivyo hivyo. Binti akiolewa, mlango wa kwao haufungwi. Anayemwoa na ajue.

MPWA: Shangazi, nikubali kuwa ni posa. Mposaji aliyekataliwa anapelekewa jibu vipi?

SHANGAZI: Anakwendewa. Muungwana hamjibu mtu kwa kijikaratasi. Mshenga anakwenda mwenyewe, anakaa, anakunywa maji, anasema: nyumba yenu tumeiona, watu wenu tumewapenda, jambo hili halikuwa riziki kwa sababu kadha wa kadha. Mistari miwili? Hapo walikosa adabu.

MLEZI: Hapo sina utetezi. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilidhani kusema hapana kwa kifupi ni upole. Watu wanaoendesha vikundi hivi ni wa kujitolea. Mchana wana kazi zao, usiku wanajibu maombi, asubuhi wanaendesha gari maili mia kumchukua mbwa. Uchovu wao ni wa kweli. Lakini aliyekataliwa bila sababu huenda moja kwa moja kwa mchuuzi wa maegesho, kwa hasira, na hapo kikundi kimelipatia shamba la mbwa mteja mpya.

MJOMBA: Sasa tunaongea. Niongeze na jingine. Masharti mengine ni ya kumfungia maskini nje. Lazima uwe na bustani. Lazima nyumba iwe yako. Wangapi kati yetu wana bustani? Wangapi hawajapanga? Ukiweka kipimo cha ukuta na hati ya nyumba, utapata watu wa rangi moja na mfuko mmoja tu.

MLEZI: Ni kweli kabisa, na vikundi vilivyo makini vimeanza kuliona. Mbwa wa kilo saba hahitaji uwanja, anahitaji kutembezwa. Bikizee wa ghorofa ya tatu anayeshuka mara nne kwa siku na mbwa wake ni bora kuliko mwenye bustani ya robo ekari asiyekuwepo. Kwa mpangaji, barua ya mwenye nyumba inatosha. Ukuta unaulizwa kwa sababu mbwa aliyetoka kizimbani akipata upenyo hukimbia bila kujua anakokwenda, na hajui jina lake akiitwa. Sababu ikielezwa, mtu anaweza kujibu: sina ukuta, nitamtoa kwa kamba na mkanda wa kifuani kila mara. Sharti lisilo na sababu ndilo linaloumiza.

MPWA: Basi nipe wewe sababu yangu, jirani. Kama ungekuwa yule mama, ungeniambia nini?

MLEZI: Ningekwambia hivi. Dada, wewe unafaa. Mbwa huyu hakufai kwa maisha yako ya sasa, kwa kuwa ana hofu na atakuwa peke yake siku tatu au nne za kila wiki, masaa 14 kwa siku. Lete jina la mtu wa pili atakayekuja saa sita mchana na saa kumi jioni, tuzungumze upya. Au subiri mbwa mwingine.

MPWA: Jina la pili sina. Mjomba anakaa Birmingham. Shangazi anarudi Mombasa mwezi ujao. Rafiki zangu wote ni wa zamu kama mimi. Nilitaka mbwa kwa sababu nikirudi usiku nyumba iko kimya. Sasa ninaona nilikuwa nataka kuuhamishia ukimya ule kwa mwingine, aubebe yeye mchana, halafu mimi nije nifurahi usiku.

SHANGAZI: Usijisute, mwanangu. Kukosa mtu nyumbani si dhambi.

MLEZI: Naomba niulize jambo. Ukiwa na zamu tatu kwa wiki, siku nne uko nyumbani?

MPWA: Siku nne, wiki nyingine tatu.

MLEZI: Mimi nafanya kazi Jumanne na Alhamisi. Mlezi mwenzangu wa siku hizo amehama. Ninaye mbwa wa miaka sita anayeogopa mashine ya kufulia, na sina zamu ya pili.

MPWA: Akae kwako, mimi nije?

MLEZI: Akae kwangu, wewe uje. Kaa naye tu sebuleni. Soma kitabu kwa sauti, azoee sauti ya mtu. Usimfuate, akitaka, atakuja.

MJOMBA: Na siku akipata mwenyewe, si utaumia?

MPWA: Wodini wagonjwa wangu wanapona wanakwenda kwao, Mjomba. Naumia kidogo, halafu natandika kitanda kwa anayekuja.

Neno la mwandishi

Mimi nasimama na kikundi, na nasimama na aliyenyimwa. Kikundi kina haki ya kuuliza, na kina haki ya kukataa, kwa kuwa kimesimama mahali pa mzazi wa kiumbe asiyeweza kujisemea. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Uingereza ya mwaka 2006 inamtaka kila mwenye mnyama ampe mahali pa kufaa, chakula, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, wenzake au faragha kulingana na haja yake, na kinga dhidi ya maumivu na maradhi. Hayo hayatimizwi na mapenzi peke yake. Yanatimizwa na mtu aliyepo.

Haki hiyo inakuja na deni. Anayekagua nyumba ya mtu na kunywa chai yake anadaiwa sababu iliyosemwa kwa sauti ya mtu. Anadaiwa kutofautisha baina ya "wewe hufai" na "mbwa huyu hakufai". Kauli ya kwanza inamfukuza mtu mwema asirudi tena. Ya pili inamwonyesha njia. Na masharti yapimwe kwa mbwa anayeulizwa, yasipimwe kwa ukubwa wa bustani.

Kwako wewe unayewaza kumchukua mbwa mdogo aliyeokolewa, uwe Leicester au popote, nina ombi moja kabla hujaigusa fomu. Chukua karatasi, uandike majina mawili. La kwanza ni lako. La pili ni la mtu atakayeingia mlangoni wewe ukiwa kazini, ukiwa mgonjwa, ukiwa umesafiri kuzika kwenu. Mwulize mtu huyo kwanza, akubali kwa mdomo wake. Waulize pia wanaokuja kwako wakasali, wakalala, wakala. Mstari wa pili ukijaa, kaombe mbwa wako, na ukiulizwa maswali usichukie. Ukibaki mtupu, iko karatasi ya mtu mwingine mtaani kwako yenye mstari huo huo mtupu. Kaandike jina lako pale.